Mazoezi ya Mwaka Mpya: Panga Unaloliweza

Kila Januari barabara hujaa wakimbiaji wa alfajiri: raba mpya, fulana ya klabu ya jogging, na nia ya kupunguza kilo ishirini kabla ya Pasaka. Ikifika katikati ya Februari, wengi wamebaki na raba tu. Majirani husema ni uvivu. Sisi tunaona mara nyingi lengo lilikuwa kubwa mno tangu mwanzo.

Kiasi gani kinatosha?

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamshauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano, na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili. Ya wastani ni yale ambayo unaweza kupiga soga na mwenzako huku mnatembea, ila kuimba huwezi. Zamani ilitakiwa kila awamu isipungue dakika 10. Sharti hilo limeondolewa, hivyo hata kupanda ngazi kwa dakika mbili tatu kunahesabika.

Basi anza kwa kutazama siku yako ilivyo. Mama anayelima tangu asubuhi, akachota maji na kufua kwa mikono, kazi ya mwili ameshaifanya; wa kumhimiza ni mumewe anayekaa dukani kutwa nzima.

Lengo lenye siku na saa

"Mwaka huu nitafanya mazoezi" si lengo, ni dua. Lengo ni hili: "Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, nikitoka kazini, nitashuka kwenye daladala kituo kimoja kabla ya changu, nitembee haraka dakika 15." Wiki mbili zikipita bila taabu, ongeza dakika tano, au ongeza siku.

Pima unachofanya, usihangaike na mizani kila asubuhi. Uzito hushuka polepole, na sahani ina sehemu yake kubwa: chapati mbili na soda hurudisha zaidi ya kile ulichokitoa kwa nusu saa ya kutembea. Anayepungua nusu kilo kwa wiki anakwenda vizuri sana.

Mazoea nayo yanataka muda. Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu waliokuwa wakijizoeza jambo jipya. Kwa wastani iliwachukua siku 66 kulizoea, wengine siku 18, wengine zaidi ya miezi minane. Waliokosa siku moja moja hawakuharibikiwa. Kwa hiyo mvua au msiba ukikuzuia leo, kesho endelea pale pale, wala usilipize kwa kukimbia mara mbili.

Hayo ni ya watu wazima; watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji dakika 60 za mazoezi kila siku. Rede, kamba na mpira vinatosha, wasinyimwe uwanja. Bibi na babu wafanye mazoezi ya kutoyumba siku tatu kwa wiki: kuinuka kitini bila kujishika, au kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta.

Tahadhari

Januari ukanda wa pwani una joto kali, kwa hiyo toka mapema kabla jua halijapanda, na unywe maji. Mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo, na mjamzito, aongee na mhudumu wa afya kwanza. Anayetumia insulini abebe pipi au sukari, asitembee peku, na akague nyayo zake akirudi. Kifua kikiuma, kizunguzungu kikikushika au pumzi ikikata kupita kawaida, simama na uende kituo cha afya mara moja.

Sasa chukua kalamu, andika kwenye kalenda ya ukutani: siku gani, saa ngapi, wapi, na nani. Ukiona huna hakika ya kutimiza wiki ya kwanza, lipunguze lengo hadi upate hakika.