SOMO: BIMA YA KANISA NI KAZI YA NANI?

Vikundi vyetu vingi hukutana katika jumba la parokia, na humo ndimo viti, sufuria na cherehani zetu hukaa. Je, moto ukitokea usiku, nani atalipa? Wengi hujibu, "Si parokia iko na bima!" Hebu tuangalie.

1. Sheria inadai nini?
Gari la parokia haliruhusiwi barabarani bila bima, angalau ile ya kufidia watu wengine likiwaumiza. Tena, sheria ya mwaka 2007 kuhusu fidia kwa wanaoumia kazini inamtaka mwajiri awakatie bima wafanyakazi wake: mlinzi, karani, mpishi. Lakini anayejitolea bila mshahara siku ya kuezeka si mwajiriwa. Ulizeni kabla hajapanda ngazi, si baada ya kuanguka.

2. Jengo likatiwe bima ya kiasi gani?
Hesabuni gharama ya kulijenga upya leo, si pesa za ile harambee ya zamani. Tuseme jumba ni la shilingi 2,000,000, nanyi mmekata bima ya 1,000,000. Moto ukila paa la 600,000, kwa kawaida kampuni hulipa nusu, yaani 300,000, kwa sababu mlikata bima ya nusu. Hiyo nyingine mtachanga wenyewe.

3. Mali ya kikundi je?
Bima hulinda kile kilichotajwa katika hati. Kama cherehani zenu hazimo, msihesabu kwamba zimelindwa.

4. Tufanye nini?
- Andikeni mali yote na bei yake. Nakala moja ikae mbali na jumba.
- Mwoneni padre na kamati ya fedha. Mara nyingi majengo ni mali ya jimbo, kwa hivyo hati huenda iko huko.
- Ulizeni bima inaisha lini. Bila kulipia, hakuna bima.
- Hakikisheni kampuni ina leseni ya IRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima.

Basi kazi ni ya wote: kamati ilinde jengo na wafanyakazi, kikundi kilinde mali yake.

Maswali ya kujadiliana
1. Ni nani kati yetu amewahi kuiona hati ya bima ya parokia?
2. Jumba likiungua leo, kikundi chetu kitapoteza nini?
3. Nani atamwona padre, na lini?