SOMO LA MWEZI: SKONZI ZA NYAMA YA MKEBE KWA SHEREHE



Msimu wa komunio ya kwanza, harusi na kufunga shule ukifika, vikundi vyetu kuanzia Voi hadi Werugha huombwa kupika. Mwenye sherehe akisema, "Nataka watu waonje nyama," sisi mara moja mawazo yanakimbilia mbuzi. Lakini mbuzi ni pesa nyingi kwa siku moja, na kikundi kikikosa pesa hizo, huchota kwenye akiba ya wanachama. Sherehe ikiisha wageni wameshiba, lakini sanduku la kikundi liko tupu.

Katika somo hili tutajifunza chakula kidogo chenye heshima: skonzi ndogo zilizojazwa nyama ya ng'ombe ya mkebe, kisha zikaokwa tena. Tutajifunza mambo matatu: kuzipika, kuzilinda zisidhuru watu, na kuhesabu gharama kabla ya kukubali kazi.

NYAMA HII NI GANI?

Ni nyama ya ng'ombe iliyotiwa chumvi, ikapikwa, ikafungwa ndani ya mkebe na kuchemshwa tena humo humo ili vijidudu vife. Ndiyo sababu hukaa bila friji. Hapa Kenya inatengenezwa na Tume ya Nyama ya Kenya, KMC, iliyoanzishwa mwaka 1950, yenye kiwanda chake Athi River.

Kwetu Taita Taveta si kitu kigeni. Vita vya kwanza vya dunia vilipiganwa hapa kati ya 1914 na 1916, Salaita na Taveta, na reli ya kutoka Voi kwenda Taveta ikajengwa kwa ajili ya vita hivyo. Nyama ya mkebe ndiyo iliyokuwa posho ya kawaida ya askari wa Uingereza. Basi tuifanye posho ya amani.

VITU VINAVYOHITAJIKA (skonzi 48)

Za skonzi: unga wa ngano kilo 2, hamira ya chembechembe vijiko vya mezani 2, sukari vijiko vya mezani 8, chumvi vijiko vidogo 4, siagi au mafuta gramu 150, maji ya vuguvugu lita 1 na kidogo cha kuongezea.

Za ndani: mikebe 4 ya gramu 340, viazi kilo 1, vitunguu 6, nyanya 4, pilipili hoho 2. Msiongeze chumvi! Nyama yenyewe ina chumvi ya kutosha, na wazee wenye shinikizo la damu nao wanakula.

HATUA ZA KUPIKA

1. Changanyeni unga, hamira, sukari na chumvi. Tieni siagi, kisha maji. Maji yawe kama ya kuogeshea mtoto. Yakiwa moto sana yanaua hamira. Kandeni dakika 10 mpaka unga uwe laini na uvutike.

2. Funikeni uumuke mpaka ujae mara mbili. Hapa msitazame saa, tazameni unga. Kwa joto la Voi dakika 45 zaweza kutosha. Kule Wundanyi kwenye baridi, ngojeni zaidi ya saa nzima, na uwekeni karibu na jiko.

3. Kateni madonge ya kiasi cha yai la kuku. Yapangeni kwenye sinia iliyopakwa mafuta, yakikaribiana. Yaacheni yaumuke tena dakika 20 hivi.

4. Kama hamna oveni, chukueni sufuria kubwa, mwage mchanga mkavu chini, mweke mawe 3, na sinia juu ya mawe. Funikeni, mpalie makaa juu ya kifuniko. Moto wa juu na wa chini ulingane. Okeni dakika 25 mpaka 30.

5. Wakati huo chemsheni viazi mviponde. Kaangeni vitunguu, hoho na nyanya, tieni nyama, ipikeni mpaka itoe mvuke, kisha changanyeni na viazi. Viazi vinafanya nyama kidogo ienee kwa wengi.

6. Skonzi zikipoa kidogo, zipasueni katikati kwa kisu kirefu zikiwa bado zimeshikana, kama mnafunua kitabu. Pakeni nyama, rudisheni juu yake, mpake siagi, mrudishe kwenye moto dakika 10 mpaka 15. Zikitoka zinavuka moshi, ziko tayari.

Sufuria moja haitoshi skonzi zote 48. Kwa hiyo msikande kilo 2 kwa pamoja. Kandeni kilo 1, kisha ya pili nusu saa baadaye. La sivyo, kwa joto letu la bondeni, unga unaongoja utachacha.

TAHADHARI

Mkebe uliovimba, unaovuja, ulioliwa na kutu au uliobonyea kwenye mshono, usifunguliwe. Usiuonje hata kidogo! Kuna sumu ya vijidudu isiyo na harufu wala ladha, nayo inaua. Ufukieni shimoni, na wala msiwape mbwa. Mkiukuta dukani, mwambieni mwenye duka.

Ukingo wa mkebe unakata kama wembe. Atakayefungua awe mtu mzima. Mkebe ukishafunguliwa, nyama ni kama nyama nyingine yoyote: itoeni yote, ipikwe siku hiyo hiyo.

Chakula kikishapikwa kisikae nje zaidi ya masaa 2. Siku ya joto kali, linapopita nyuzi 32, lisizidi saa 1. Basi, kama misa au hotuba zitachelewa, skonzi zingoje bila nyama, na nyama ingoje jikoni ikitoa mvuke. Mzijaze wageni wakikaribia kuketi.

Voi ni mji wa dini nyingi. Angalieni alama ya halali kwenye mkebe, ili jirani Mwislamu naye ale bila wasiwasi.

TUHESABU PAMOJA

Bei hubadilika, kwa hiyo hizi ni za mfano tu. Tuseme nyama ni shilingi 2,000, unga, hamira, sukari na mafuta 600, viazi na viungo vingine 260, mkaa 200, nauli ya matatu 300. Jumla 3,360. Gawanya kwa skonzi 48: kila moja imegharimu shilingi 70.

Mwenye sherehe anasema atalipa 75. Inaonekana ni faida, si ndiyo? Lakini 5 mara 48 ni 240. Wamefanya kazi akina mama wanne tangu alfajiri. Kila mmoja anapata 60, na sanduku halipati kitu. Kumbe kikundi kimemchangia mwenye sherehe bila kujua!

Kwa shilingi 95 kila moja, faida ni 1,200. Kila mama anapata 250, na 200 zinaingia kwenye akiba. Hiyo ni kazi.

Tena, ombeni arubuni ya kutosha kununua vitu vyote, yaani 3,360, kabla ya kwenda sokoni. Hapo akiba ya wanachama haiguswi. Mwenye sherehe asipoweza, msimfukuze: mwambieni apunguze skonzi ziwe moja kwa kila mgeni, na kimanga kijaze sahani. Na kama buchari iliyo karibu nanyi inauza nyama kwa bei nafuu kuliko mkebe, ichemsheni hiyo mpaka iwe laini, muisage au kuikatakata. Mkebe si amri. Amri ni hesabu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Sherehe ya mwisho tuliyopikia ilituletea faida ngapi baada ya kulipa mkaa, nauli na jasho letu?

2. Nani kati yetu atakagua mikebe, na nani atashika saa?

3. Ndugu wa mwanachama akitaka tumpikie bila arubuni, tutamjibuje bila kuvunja undugu?

KAZI YA KUFANYA: Kabla ya mkutano ujao, mweka hazina aandike bei za vitu vyote kutoka maduka mawili ya kwenu. Pikeni kilo 1 ya unga kwa majaribio, muonje wenyewe, kisha mpange bei yenu pamoja, kila mmoja akisikia.