SOMO LETU: Kompyuta Kuukuu ya Tawi Bado Ina Kazi



Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10. Mashine isiyopata marekebisho tena huwaachia wezi wa mtandao mlango wazi. Windows 11 nayo inataka kumbukumbu ya gigabaiti 4 angalau, na hukataa mashine nyingi za zamani. Basi hapa Bugarama na kule Rumonge wachuuzi wanatuambia: tupeni hiyo, nunueni mpya. Kwa fedha gani? Kwa michango ya wafanyakazi wa michikichi! Mwaka 1974 Tanzania, jirani yetu, ilipiga marufuku kuingiza kompyuta kutoka nje. Sisi hatuzuiwi na sheria, tunazuiwa na bei.

Kumbukumbu ni nini? Mfikirieni karani wa mizani. Meza yake ndiyo kumbukumbu. Kabati lililo nyuma yake ndilo diski. Meza ikiwa ndogo, kila karatasi mpya inamlazimu kurudisha nyingine kabatini, na foleni ya wenye mikungu ya chikichi inarefuka juani. Kompyuta yenye gigabaiti 1 hufanya hivyo hivyo mchana kutwa. Kumwongezea kumbukumbu ni kumpa karani meza pana.

Kabla ya yote, nakilini daftari la wanachama na hesabu za michango kwenye flashi mbili: moja ikae kwa katibu, nyingine kwa mweka hazina. Hili msiliruke, hata fundi akiapa. Kisha zimeni mashine, chomoeni waya wa umeme, na ikiwa ni ya kubebeka, toeni betri. Guseni chuma cha kasha ili umeme wa mwilini utoke. Kipande cha kumbukumbu huwa kimeandikwa aina yake, DDR2 au DDR3. Pengo dogo la chini haliko mahali pamoja katika aina hizo, kwa hiyo kikigoma msikilazimishe. Kitabu cha mashine hutaja kiwango cha mwisho inachopokea. Mkiiwasha ikalia tu bila kuonyesha kitu, mara nyingi kipande hakijakaa sawasawa.

Hapo hapo tazameni betri ndogo ya duara, CR2032. Ikifa, saa ya mashine hurudi nyuma miaka mingi, na risiti ya leo hutoka na tarehe ya kabla mwanachama hajaajiriwa. Siku ya mgogoro na mwajiri, karatasi kama hiyo itatuumiza.

Sasa mfumo wa kuiendesha. Linux hupatikana bila malipo, na antiX imetengenezwa kwa kufikiria mashine kongwe. Kama prosesa ni ya biti 32, Debian 13 ya mwaka 2025 haina tena kisakinishi chake. Tumieni Debian 12. Iwasheni kwanza kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Je, printa inakubali? Herufi za kibodi ya Kifaransa zinatoka zilivyo? Ndipo msakinishe, mkijua kwamba diski inaweza kufutwa yote.

Mwisho fungueni daftari la michango kwa LibreOffice, mjumlishe mwezi mmoja kwa mkono, mlinganishe. Hesabu zikilingana, mashine irudi kazini.