Kutafuta Nasaba kwa Njia ya Mtandao: Funzo kutoka Frere Town

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mwacha asili ni mtumwa. Je, aliyepokonywa asili yake kwa kuuzwa utumwani, wajukuu wake wataitafutia wapi? Makala haya yanadhamiria kuonyesha jinsi masomo ya mtandaoni yanavyoweza kumfaa mtafiti wa nasaba iliyotawanyika katika nchi mbalimbali, pamoja na upungufu wa masomo hayo.

Tatizo

Frere Town, Mombasa, iliasisiwa mwaka wa 1875 na shirika la kimisheni la CMS ili kuwapa makao watumwa waliokombolewa. Miongoni mwa wakazi wake walikuwamo Waafrika waliookolewa baharini, wakapelekwa India na kusomeshwa Nasik kabla ya kurejea pwani. Wengi walibatizwa kwa majina mapya. Hivyo basi, nasaba ya mtu mmoja huweza kuanzia karibu na Ziwa Nyasa, ikapitia India na kutua Mombasa, ilhali kumbukumbu za shirika hilo zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza.

Masomo yaliyopo

Tovuti ya FamilySearch, inayoendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hutoa bila malipo masomo na miongozo ya utafiti ya nchi mbalimbali. Chuo Kikuu cha Strathclyde, Uskoti, nacho hufundisha taaluma ya nasaba mtandaoni hadi kiwango cha uzamili, kwa ada. Kanuni za msingi za taaluma hii ni tatu: kuanza na kinachojulikana na kurudi nyuma kizazi baada ya kizazi, kuuliza ni nani aliyeandika kumbukumbu na kwa nini, na kuthibitisha kila dai kwa ushahidi zaidi ya mmoja. Kufanana kwa majina pekee si ushahidi.

Nafasi ya mwanafunzi wa Kiswahili

Hata hivyo, sehemu kubwa ya masomo haya imejengwa juu ya sajili za makanisa na sensa za nchi za Magharibi. Hayamwelekezi mtafiti afanye nini na jina la Kiyao lililoandikwa na mmisionari Mwingereza kama alivyolisikia. Hapa ndipo fonolojia tunayosoma darasani inapopata kazi: kutambua kwamba tahajia mbili zinazotofautiana huenda ni za jina moja. Aidha, mbinu za fasihi simulizi hutuwezesha kuhoji wazee na kupima masimulizi yao kwa kuyalinganisha na maandishi.

Hitimisho

Inapendekezwa kwamba kila mwanachama ajifunze kanuni hizo, kisha aanze na mzee mmoja wa ukoo wake: amrekodi, aandike majina, mahali na miaka. Nyaraka za Birmingham zina wahifadhi wake. Kumbukumbu za wazee wetu hazina mhifadhi mwingine ila sisi, na wazee hawatatungoja.