SOMO LA USHIRIKA: TUPIME WAYA ZETU KABLA YA KUONGEZA MALIPO YA INTANETI



Katika ukaguzi wa vyama nakutana mara kwa mara na lalamiko moja: "Intaneti ni nzito, tuombe kifurushi kikubwa zaidi." Pengine ombi hilo ni la haki. Lakini pengine kasi tuliyoilipia imekwisha kufika mlangoni petu, ikazuiwa ndani ya ofisi na kifaa kisichofaa. Kuongeza malipo katika hali hiyo ni kupoteza fedha za wanachama. Somo hili ni la kutambua tofauti hiyo, nalo linafaa kwa ofisi ya chama na kwa nyumba ya mwanachama.

Mfano wa kweli

Mwaka 2023 nilikagua chama kimoja cha akiba na mikopo kilicholipia mkongo wa megabiti 200 kwa sekunde. Kompyuta ya mhasibu, iliyounganishwa kwa waya, ilisoma 94 asubuhi, ikasoma 94 jioni. Bodi ilikuwa imekwisha kuandika muhtasari wa kupandisha kifurushi hadi megabiti 500. Niliwaomba wasubiri siku moja. Tulipoichomeka kompyuta ile ile moja kwa moja kwenye ruta, ilisoma zaidi ya 190. Kumbe swichi iliyogawa waya kwa meza zote ilikuwa ya zamani, yenye uwezo wa megabiti 100 tu. Swichi mpya hununuliwa mara moja. Kifurushi kikubwa kingelipiwa kila mwezi, na mhasibu angeendelea kusoma 94.

Kwa nini 94, wala si 100? Kwa sababu sehemu ndogo ya uwezo hubeba anwani za taarifa zinazosafiri, kama vile uzito wa gunia unavyotolewa kwenye mizani ili ubaki uzito wa kahawa.

Mambo ya kukagua

Kasi hupita kama maji ya bomba: ukiunga kipande chembamba katikati, maji yatatoka kwa kadiri ya kipande hicho. Basi tukague kila kipande.

(a) Ruta. Matundu yake yawe ya gigabiti 1, yaani megabiti 1,000. Tundu linaloingiza mkongo likiwa la 100, yote yanayofuata yatakuwa ya 100.

(b) Swichi. Tusome maandishi yaliyo juu yake. Iliyoandikwa 10/100 haitazidi 100. Iliyoandikwa 10/100/1000 hufika gigabiti 1.

(c) Kebo. Ndani yake mna nyuzi 8, jozi nne. Kasi ya 100 hutumia nyuzi 4 tu, bali gigabiti huzitaka zote 8. Uzi mmoja ukikatika, kasi yaweza kushuka hadi 100 bila mtu kujua. Tununue kebo ya Cat 5e au Cat 6 ya shaba tupu, si ya alumini iliyopakwa shaba. Isizidi meta 100, wala isifungwe pamoja na waya za umeme.

(d) Kompyuta. Nayo ina tundu lake. Likiwa la 100, vifaa vipya havitaisaidia.

Namna ya kupima

Kwanza, chomeka kompyuta kwenye ruta kwa kebo fupi iliyo nzima, wengine wakiwa wameacha kutumia mtandao. Pima mara tatu na kuandika. Pili, rudia ukipitia swichi na kebo ya mezani. Kasi ikishuka katika hatua ya pili, kasoro imo ndani ya ofisi. Ikiwa ndogo tangu hatua ya kwanza, badili kebo na kuhakikisha matundu ya ruta na ya kompyuta ni ya gigabiti. Isipopanda, mpelekee mtoa huduma vipimo vyako.

Tuangalie pia vizio. Kifurushi huhesabiwa kwa megabiti, lakini kompyuta inapopakua faili mara nyingi huonyesha megabaiti. Megabaiti 1 ni megabiti 8. Kwa hiyo 25 za kompyuta ni 200 za kifurushi, wala hatujapunjwa.

Mwisho, tusidanganyane. Chama chenye kifurushi cha megabiti 20 hakitapata 200 kwa kununua swichi. Huko ndiko kupandisha kifurushi kunakoweza kuwa na haki, baada ya kupima.

Wahenga wa ushirika walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Vipimo navyo viandikwe, visomwe mbele ya Bodi kabla ya fedha kutoka.

Maswali ya kujadiliana

1. Chama chetu kinalipia megabiti ngapi, na meza ya katibu inapata ngapi?
2. Swichi yetu imeandikwa nini?
3. Je, Bodi yetu imewahi kuongeza malipo bila kupima?