SOMO KWA WATUMISHI NA WANANCHI: SABABU ZA MARUFUKU YA UVUVI KATIKA MAZALIA YA SAMAKI, LUPINGU NA MWAMBAO WA ZIWA NYASA

Tangazo la marufuku ya uvuvi aghalabu husomwa ufukweni, likabandikwa ukutani mwa ofisi ya kijiji, na lisifafanuliwe tena. Mvuvi hufahamu alichokatazwa. Sababu hubaki kwa aliyeandika tangazo. Somo hili linakusudia kuzieleza sababu hizo kwa mfano wa Lupingu, kata ya wilaya ya Ludewa katika mkoa wa Njombe, kwa kuwa hali ya pale haitofautiani sana na ya fukwe nyingine za mwambao huo.

Anayefika Lupingu kwa barabara ya kutoka Ludewa huishuka Milima ya Livingstone mpaka maji yanapoanzia. Mteremko ule haukomi ufukweni, bali huendelea chini ya maji. Ziwa Nyasa lina kina cha takriban mita 700, na mgeni akielezwa hivyo hudhani kuwa samaki wake hawana mwisho. Sivyo. Kuanzia mita 200 hadi 250 kwenda chini maji hayana oksijeni, wala samaki hawawezi kuishi humo. Sehemu kubwa ya ziwa hili, kwa lugha ya mfanyabiashara, ni ghala tupu. Maji ya kina kifupi, ambamo samaki wengi huzaliana na kukulia, ni ukanda mwembamba ulioshikamana na ufuko, na mahali ambapo mlima umeinamia ziwa ukanda huo huwa mwembamba zaidi. Kokoro linapokokotwa hadi nchi kavu hupita katika ukanda huo huo.

Inafaa pia kufahamu kwamba samaki wa ziwa hili hawazaliani kwa namna moja. Usipa huishi katika maji ya wazi, hukua upesi na umri wake ni mfupi. Wavuvi humvua kwa taa katika usiku wa giza, na wingi wake hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka. Magege na vituwi ni kinyume chake. Jike hubeba mayai kinywani hadi yaanguliwe, na mayai hayo ni machache mno yakilinganishwa na maelfu yanayotagwa na samaki wa aina nyingine. Jike mmoja akinaswa katika msimu huo, kizazi kizima hutoka pamoja naye. Kwa hiyo wavu wa matundu madogo ukitumiwa ufukweni huleta madhara yasiyolingana na ya wavu wa namna hiyo ukitumiwa usiku mbali na nchi kavu. Hapa ndipo baadhi ya watumishi wanapokosea: humhesabu mvuvi wa usipa na mvuvi wa kokoro kuwa wakosaji wa aina moja, kisha hushangaa kuona kijiji kizima kimewageuzia mgongo.

Matokeo ya kuchelewa yalionekana kwa jirani zetu wa Malawi. Katika Ziwa Malombe, ambalo hupokea maji ya Ziwa Nyasa kupitia Mto Shire, samaki aitwaye chambo, wa jamii ya magege, alikuwa tegemeo la wavuvi. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 nyavu za kukokota zenye matundu madogo zilienea, majani ya majini ambamo samaki hujificha yakang'olewa, na uvuvi wa chambo ukaporomoka. Mpaka leo chambo hao hawajarejea kama walivyokuwa.

Tumzungumzie sasa mbasa, ambaye kwa maoni ya mwandishi ndiye mwenye haki kubwa zaidi ya kulindwa. Mbasa hukulia ziwani, lakini mito ijaapo maji hupanda kwenda kutaga katika maji yaendayo kasi, juu ya changarawe safi. Mvuvi anayefunga mlango wa mto kwa nyavu au migono katika majuma hayo hupata samaki wengi kwa kazi ndogo, kwani samaki wenyewe ndio wanaomjia. Anayemwaga utupa juu ya mto huua wakubwa na wadogo kwa pamoja. Hata hivyo mbasa huweza kuangamia bila ya mtu kumvua. Shamba likilimwa hadi ukingoni, mvua huteremsha udongo, udongo hufunika changarawe, na mayai hukosa hewa. Mkulima wa mlimani ambaye hajapata kupanda mtumbwi ana mkono wake katika mavuno ya ziwa. Ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa.

Mto Ruhuhu, ulio mkubwa kuliko yote iingiayo ziwani, una tatizo la ziada. Karibu na mlango wake ng'ambo moja ni Manda ya Ludewa, na ng'ambo ya pili ni Lituhi, katika wilaya ya Nyasa mkoani Ruvuma. Marufuku ikitangazwa upande mmoja tu, nyavu huvushwa zikafungwa upande wa pili. Aidha makaa ya mawe ya Mchuchuma yamo katika bonde la mto huo, na wahusika wa migodi hawana budi kuhesabiwa pamoja na wavuvi wakati mipango ya kuulinda inapoandaliwa.

Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, pamoja na Kanuni zake za mwaka 2009, zinakataza sumu, baruti, makokoro na nyavu za timba. Kufunga ziwa zima kwa muda ni hatua nyingine. Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, 2024. Wapo wanaopendekeza kalenda ile ihamishiwe Nyasa kama ilivyo. Pendekezo hilo lifikiriwe upya: Tanganyika hulenga zaidi dagaa na migebuka, ilhali mbasa huhitaji ulinzi mito ijaapo, na miezi ile ya kiangazi haitamsaidia.

Ni lazima ikubalike kuwa marufuku ina gharama, na gharama hiyo haimwangukii kila mtu sawasawa. Mwenye mashua na taa ataendelea kuvua usipa mbali na ufuko. Mjane anayetandaza chandarua karibu na nchi kavu kwa ajili ya kitoweo ndiye hukamatwa kwanza, na muuzaji wa timba hulala usingizi. Utekelezaji unaoanzia dukani na kwa wenye makokoro utaeleweka haraka zaidi kuliko ule unaoanzia kwa mjane.

Halmashauri za vijiji zimepewa na Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya mwaka 1982 mamlaka ya kutunga sheria ndogo, ambazo hujadiliwa na wanakijiji na kuidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya. Kijiji kinachotaka kulinda mlango wa mto wake kitaje mto kwa jina, mipaka ya eneo kwa alama zinazoonekana, na miezi ya kuzuia, baada ya kuwauliza wazee wavuvi ni lini mbasa huanza kupanda. Vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi, yaani BMU, vishirikishwe tangu kikao cha kwanza. Kwa kuwa uidhinishaji huchukua muda, rasimu iwasilishwe wilayani wakati wa kiangazi, kabla mito haijaanza kujaa.