Oili Sintetiki au ya Kawaida? Namna ya Kuchagua Oili ya Injini kwa Barabara za Singida

Mnunuzi wa mafuta ya alizeti mjini Singida hadanganyiki kwa urahisi. Huitazama rangi yake, huyanusa, huangalia masimbi yaliyotuama chini ya dumu, na akiwa na shaka huonja tone moja kwa ulimi. Lakini mtu huyohuyo akiingia katika duka la vipuri kununua oili ya injini, ujuzi huo haumsaidii. Oili njema na oili duni zaweza kufanana kwa rangi, kwa harufu na kwa utelezi. Tofauti yake hujulikana ndani ya injini, na mara nyingi hujulikana wakati hasara imekwisha kutokea.

Hasara hiyo si ndogo. Kwa kijana anayeendesha bodaboda ya mkataba, kwa mwenye Noah ya abiria au Fuso ya kubeba mazao, injini ndiyo shamba lake. Injini ikikwama, ada ya shule na marejesho ya mkopo hukwama pamoja nayo. Kwa sababu hiyo tumeandaa somo hili ili kumsaidia mtumiaji kujibu swali analoulizwa kila aendapo gereji: je, anunue oili sintetiki, ambayo bei yake ni kubwa, au oili ya kawaida?

Tofauti yake ni nini?

Oili yoyote ya injini ina sehemu mbili: mafuta ya msingi na viungo vinavyoongezwa. Viungo hivyo husafisha injini, huzuia kutu na hupunguza kulika kwa vyuma. Tofauti ya sintetiki na kawaida imo hasa katika mafuta ya msingi.

Oili ya kawaida hutokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa. Chembe zake hazilingani kwa umbo na ukubwa, na baadhi yake huharibika upesi kwa joto. Oili sintetiki hutengenezwa kiwandani kwa njia za kikemia ili chembe zake zikaribiane kwa umbo. Kwa hiyo hustahimili joto zaidi, huchelewa kugeuka tope, na hutiririka upesi injini inapowashwa ikiwa baridi. Katikati yake ipo nusu sintetiki, ambayo ni mchanganyiko wa hizo mbili.

Ubora huo umepimwa. Mwaka 2017 chama cha waendesha magari cha Marekani, AAA, kilitangaza kwamba katika vipimo vyake oili sintetiki ilifanya vizuri kuliko ya kawaida kwa wastani wa asilimia 47. Hata hivyo, mtumiaji ajue kwamba neno "sintetiki" juu ya kopo halina maana moja tu. Tangu uamuzi wa mwaka 1999 wa chombo kinachosimamia ukweli wa matangazo ya biashara nchini Marekani, hata mafuta ghafi yaliyobadilishwa kwa kina kiwandani huuzwa kwa jina hilo. Basi neno kubwa lililoandikwa mbele ya kopo lisikutosheleze. Yasome maandishi madogo yaliyo nyuma.

Kusoma kopo

Alama ya kwanza ni mnato, yaani uzito wa oili. Katika 5W-30, namba iliyo kabla ya herufi W huonyesha jinsi oili inavyotiririka katika baridi. Ikiwa ndogo, hutiririka upesi zaidi. Namba ya mwisho huonyesha uzito wake injini ikiwa imepata joto.

Alama ya pili ni daraja la API, taasisi ya petroli ya Marekani. Herufi S huanza daraja la injini za petroli, na herufi C huanza daraja la injini za dizeli. Kwa petroli, kadiri herufi ya pili inavyosogea mbele katika alfabeti, ndivyo daraja lilivyo jipya: SN ilianza mwaka 2010, na SP mwaka 2020. Madaraja ya SA hadi SH yamekwisha kuondolewa katika orodha ya madaraja yanayotumika. API yenyewe hutahadharisha kwamba SF haifai kwa injini nyingi za magari ya petroli zilizotengenezwa baada ya mwaka 1988. Mwenye gari la mwaka 2008 akiuziwa SF, hata kwa bei nafuu, amepata hasara.

Alama ya tatu huwahusu wenye pikipiki. Katika pikipiki nyingi oili ileile hulainisha injini, gia na klachi. Oili ya gari yaweza kuwa na viungo vya kupunguza msuguano ambavyo huifanya klachi iteleze. Mwenye bodaboda atafute alama ya JASO MA, MA1 au MA2, ambayo ni viwango vya Japani kwa pikipiki zenye klachi inayozama katika oili.

Oili inayofaa gari lako imeandikwa katika kitabu cha gari. Kitabu kikiwa kimepotea, au kikiwa kwa Kijapani kama ilivyo kwa magari mengi yaliyotumika, tazama kifuniko cha kujazia oili: mara nyingi namba za mnato zimechapwa hapo. Ikiwa mtengenezaji ameagiza 0W-20, swali la somo hili limekwisha kujibiwa, kwa maana oili nyepesi kiasi hicho huwa sintetiki au nusu sintetiki.

Singida yataka nini?

Sifa moja inayotangazwa sana ya sintetiki ni kuwasha injini katika baridi kali ya nchi zenye theluji. Asubuhi za Juni na Julai za Singida zina baridi na upepo, lakini si baridi ya kugandisha oili. Asiyehitaji sifa hiyo asiilipie.

Joto ni jambo jingine. Lori lililojaa mzigo likitoka Shelui na kuupanda mlima Sekenke, injini yake hufanya kazi kubwa kwa muda mrefu. Hapo sintetiki huonyesha faida yake, hasa katika injini yenye turbo, kwa kuwa oili hupita katika beringi za turbo zenye joto kali mno.

Adui mkubwa zaidi ni vumbi. Barabara za vumbi za vijijini Mkalama, Ikungi na Itigi huingiza chembe za mchanga katika injini endapo chujio la hewa limeziba, limechanika au halikufungwa sawasawa. Chembe hizo husaga pistoni na beringi, na hakuna oili, iwe ya kawaida au sintetiki, inayoweza kuzigeuza zisiwe mchanga. Dawa yake ni chujio zima la hewa na kubadilisha oili mapema. Vitabu vingi vya magari huiita hali hiyo "matumizi magumu" na huagiza muda wa kubadilisha oili upunguzwe.

Hesabu kabla ya fahari

Tuchukue mfano wa hesabu. Bei hizi ni za mfano tu. Weka bei za duka lako. Gari linatumia lita 4. Oili ya kawaida ni shilingi 50,000, sintetiki ni shilingi 130,000, chujio la oili na ufundi ni shilingi 25,000.

Ukibadilisha oili ya kawaida kila kilomita 5,000, utafanya hivyo mara mbili katika kilomita 10,000. Gharama ni shilingi 150,000.

Ukitumia sintetiki, na kitabu cha gari kikiruhusu kilomita 10,000, utabadilisha mara moja. Gharama ni shilingi 155,000. Tofauti ni shilingi 5,000 tu, nawe umepata ulinzi bora zaidi.

Lakini gari hilohilo likishinda katika vumbi, na kitabu kikaagiza kubadilisha kila kilomita 5,000, sintetiki itakugharimu shilingi 310,000. Umelipa zaidi ya mara mbili, na sehemu kubwa ya uhai wa oili hiyo umeimwaga pamoja na vumbi.

Hesabu hii inafundisha kwamba faida ya sintetiki haitokani na kopo peke yake, bali na kopo, barabara na muda wa kubadilisha kwa pamoja. Tena, asiurefushe muda huo mtu yeyote kwa maneno ya muuzaji. Kipimo ni kitabu cha gari.

Nani achague ipi?

Chagua sintetiki ikiwa mtengenezaji ameiagiza. Ikiwa injini ina turbo. Au ikiwa gari ni zima na husafiri mwendo mrefu wa lami, kama kutoka Singida hadi Dodoma au Mwanza.

Oili ya kawaida halisi, yenye mnato na daraja sahihi, yatosha kwa injini ambayo kitabu chake kinairuhusu na ambayo hubadilishwa oili mara kwa mara kwa sababu ya vumbi. Yafaa pia kwa injini kuukuu inayotoa moshi wa bluu. Injini hiyo inaunguza oili, na kuinunulia oili ya bei kubwa ni kuchoma fedha. Fedha hiyo iwekwe kwa ajili ya matengenezo.

Uvumi tunaousikia

"Ukishatumia sintetiki huwezi kurudi kwenye oili ya kawaida." Si kweli. Waweza kurudi, mradi mnato na daraja viwe sahihi.

"Zikichanganywa zitaganda." Oili za injini zenye daraja la API hutakiwa kuchanganyika bila madhara. Ukipungukiwa njiani, ongeza iliyopo yenye mnato unaofaa. Injini isiyo na oili ya kutosha iko katika hatari kubwa kuliko yenye oili iliyochanganywa.

"Sintetiki huvujisha injini." Baadhi ya zile za awali, miaka ya 1970, zilileta matatizo ya sili. Za sasa hazina kasoro hiyo, ingawa zaweza kusafisha uchafu uliokuwa umeziba ufa wa zamani, na ufa huo ukajitokeza.

"Oili ikiwa nyeusi imekwisha." Weusi waweza kuwa dalili kwamba oili inasafisha. Hesabu kilomita na muda, usihesabu rangi.

Kununua iliyo halisi

Haya yote hayana maana ikiwa kopo limejazwa oili iliyokwisha kutumika. Sintetiki ndiyo humvutia zaidi mghushi, kwa kuwa bei yake ni kubwa. Kwa hiyo:

1. Nunua duka linalojulikana, na udai risiti ya EFD yenye jina la bidhaa.
2. Kagua lakiri ya kifuniko. Ikiwa imelegea au ina dalili ya gundi, usinunue.
3. Linganisha namba ya toleo na tarehe ya kutengenezwa. Zikiwa zimefutwa au hazipo, usinunue.
4. Ikiwa bei ni ndogo mno kuliko maduka mengine, jiulize sababu yake.
5. Kopo lifunguliwe mbele yako. Usikubali oili inayomiminwa kutoka chupa isiyo na jina.
6. Baada ya kumimina, litoboe kopo au ulikate. Kopo zima linalotupwa ndilo hujazwa tena na kumrudia mnunuzi mwingine.

Oili chakavu usiimwage ardhini. Mji wa Singida umezungukwa na maziwa ya Singidani na Kindai, na vijiji vingi hutegemea visima. Ihifadhi katika dumu lililofungwa na uipeleke gereji inayoikusanya.

Ukiuziwa bandia

Acha kuitumia. Hifadhi kopo, kifuniko, risiti, na kiasi cha oili hiyo katika chupa safi iliyofungwa. Andika tarehe, duka na kilomita zilizosomeka kwenye gari. Malalamiko ya ubora hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, linalofanya kazi kwa Sheria ya Viwango ya mwaka 2009. Ya bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC, inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Biashara ya vilainishi kwa jumla husimamiwa na EWURA. Mlalamikaji mwenye risiti na sampuli husaidiwa upesi kuliko mwenye maneno matupu.

Maswali ya kujipima

1. Kitabu au kifuniko cha injini yako kinataja mnato gani?
2. Kopo ulilonunua mara ya mwisho lilikuwa na daraja gani la API au JASO?
3. Chujio lako la hewa lilikaguliwa lini?
4. Katika kilomita 10,000 unatumia shilingi ngapi kwa oili, chujio na ufundi?
5. Risiti ya oili iliyomo katika injini yako sasa iko wapi?

Ukiweza kuyajibu maswali yote matano, umekwisha kuchagua vema, iwe kopo lako limeandikwa sintetiki au la. Ukishindwa kulijibu hata moja, anza na hilo kabla hujaenda dukani.